Prisila Hakutoka

Mpendwa Bi Sabaha,

Nisaidie kabla sijakitia moto kitabu cha watu. Mimi ni mama wa makamo, naishi Mbekenyera, na kila Jumamosi wanawake wenzangu hukusanyika uani kwangu kubangua korosho, na kwa kuwa mafuta ya ganda huunguza, wao hujipaka majivu mikononi, lakini ngozi yangu iliyakataa yale mafuta tangu usichana, kwa hiyo kazi yangu ni kuwasomea kitabu wao wakibangua, na sehemu yangu ya korosho wananibangulia, ndiyo desturi yetu na haijawahi kutugombanisha.

Msimu huu mdogo wangu Brigita, anayekaa Nachingwea, aliniletea riwaya ambayo nyuma ya jalada imeandikwa kuwa ni sauti ya wanawake wanaoteswa, nikafurahi, nikasema leo tumepata cha kwetu, kumbe. Bi Sabaha, mle ndani kuna mwanamke anaitwa Prisila, anapigwa sura ya kwanza, anapigwa ya pili, anapigwa ya tatu, na mwandishi anaeleza kila kipigo kwa utamu kama mtu anayesimulia pilau ya harusini, lakini ukiniuliza Prisila anapenda nini, anachekeshwa na nini, shoga yake ni nani, sijui, maana mwandishi hakuona haja ya kutuambia. Nikavumilia nikiamini mwishoni atatoka. Juzi nikatangulia kusoma sura ya mwisho peke yangu, nikakuta amekimbilia kwa baba yake, baba amesema ng'ombe wa mahari wameshaliwa, akarudishwa, na ukurasa wa mwisho anafua shati la mumewe lililorukiwa na damu yake mwenyewe huku akisema mwanamke ni kuvumilia, basi, kitabu kimekwisha. Nilikirusha ukutani. Nina hasira mpaka chakula hakipiti, na nilipompigia Brigita akanicheka, "Dada, hiyo ni riwaya tu, mbona unaumia kama ndugu yako?"

Sasa shida yenyewe. Kati ya wanaokuja kubangua yumo mmoja, nitamwita Mwanamvua, huyu huja na korosho za mikorosho aliyoachiwa na bibi yake mzaa mama, ipo hapo hapo nyuma ya nyumba anayokaa na mumewe, jirani na kwa mama yake. Siku hizi, joto lote hili, anajifunga mtandio shingoni, na siku moja ulipoteleza sote tuliona alama za vidole, wenzangu wakainamia korosho, mie nikaendelea kusoma. Zamani alikuwa haongei, lakini tangu tuanze kitabu hiki anafika wa kwanza na kuuliza, "Prisila kafika wapi? Hajatoka tu?" Jumamosi iliyopita wenzake walipoondoka alibaki akisugua majivu mikononi, akaniambia polepole, "Dada, akitoka huyo, unambie katokaje."

Nitamwambia nini mie? Kitabu wanakisikia kinywani mwangu tu, hakuna atakayejua nikibadilisha mwisho. Nimtoe Prisila kwa ulimi wangu, au nisome kilivyo, Mwanamvua akate tamaa? Na huyu mwandishi alidhani anamwandikia nani?

Dionisia


Dionisia,

Majina nimeyabadilisha yote, lako likiwemo. Hasira yako kwa mwandishi nimeipokea na nimeiongezea yangu. Kuandika giza si kosa, maana giza lipo. Kosa ni kumhesabia mwanamke michubuko kitabu kizima bila kutaka kumjua mwenye mwili. Mwandikie umwambie hivyo, na usimpambie maneno. Brigita naye mjibu kwamba ndiyo, anayeumia ni ndugu yako, ila haitwi Prisila.

Maana sasa nakugeukia wewe. Mwenzako ana alama za vidole shingoni, mmeziona wote, mkainamia korosho. Kakwambia kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba anataka kutoka, wewe ukakimbilia kusoma sura ya mwisho. Chakula hakipiti kwa ajili ya mwanamke wa karatasi, na wa nyama na damu umekaa naye mkeka mmoja. Unanikasirisha kuliko huyo mwandishi, yeye hamjui Mwanamvua.

Kubadilisha mwisho nakukataza. Utamtoa Prisila kwa mlango uliouchonga wewe, Mwanamvua ataufuata, na kwake mlango huo haupo.

Tena hauhitajiki. Soma upya barua yako mwenyewe. Prisila alipelekwa kwa mwanamume, kwao wakala ng'ombe, ndiyo maana hakuwa na pa kurudi. Mwanamvua kapelekwa wapi? Mikorosho ni ya bibi mzaa mama, nyumba iko kwenye ardhi ya mama, mume ndiye aliyefuata mke. Huko kwenu ndoa ina mjomba, na mkwe akiharibu mjomba ndiye anayemkalisha chini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mlimpa jembe, akajiongezea fimbo. Nanyi mmekaa mnangoja Prisila atoke, mmesahau mila yenu kwa sababu ya kitabu cha watu wengine.

Usingoje Jumamosi. Mfuate Mwanamvua shambani mkiwa wawili, bila kitabu, umuulize anataka nini, kisha unyamaze umsikilize. Akikubali, mfuatane kwa mama yake na kwa mjomba, mume asijue mpaka watu wawe wamefika. Mjomba akianza habari za suluhu na chai, mwonyesheni shingo. Anayekaba koo leo, kesho anazikisha mtu, kwa hiyo hospitali wamtazame, na dawati la jinsia la polisi lipate taarifa, mjomba apende asipende. Usiku huo asilale peke yake na huyo bwana. Na neno vumilia lisitoke kinywani mwako hata kwa bahati mbaya.

Jumamosi soma sura ya mwisho neno kwa neno, mumtukane mwandishi mpaka mridhike. Lakini kabla ya hapo una jibu la kumpelekea mtu. Alikuuliza Prisila katokaje. Mwambie hakutoka. Halafu mwambie kwamba pale kwake, anayepaswa kufunga virago ni yule aliyekuja navyo.

Bi Sabaha