Mwendo wa Ndama

Jumatatu, 10 Juni

Bosi karudi kutoka semina. Siku tatu hotelini kujifunza uongozi kwa wanyama! Asubuhi mashine zikazimwa, tukasimama kati ya marundo ya mashati tumsikilize. Eti kuanzia leo hapa hakuna bosi, sisi ni kundi la tembo. Eti tembo wanaaminiana. Eti kundi zima linafuata mwendo wa ndama, mama mwenye mtoto haachwi nyuma. Machozi yakamlengalenga. Wifi yangu, wa mashine ya vifungo, akaninong'oneza: huyu hakusoma tembo, amekunywa tembo. Nikajiziba mdomo kwa kola niliyokuwa naishona.

Lakini ile ya ndama niliisikia. Vizuri sana.

Jumanne, 11 Juni

Nimeingia ofisini kwake. Nikamwambia mwanangu ana miezi minne, chupa hataki, analia mpaka sauti inakauka. Mama yangu yuko tayari kumleta getini saa nne na saa nane, nimnyonyeshe robo saa tu. Nikamkumbusha — mwendo wa ndama.

Akacheka. Kwa upole, ndiyo! "Binti yangu, ule ni mfano tu." Akiniruhusu mimi, kesho kila mtu atadai robo saa yake.

Mfano! Basi na mwanangu alie kwa mfano.

Jumatano, 12 Juni

Matiti mawe. Maziwa yamemwagikia kola nyeupe, tatu. Wifi kazifukia chini ya rundo.

Alhamisi, 13 Juni

Kesho wenzake bosi wa semina wanakuja kuona "kundi". Wametundika bango: TUNAAMINIANA. Wamelitundika wapi? Juu ya mlango wa choo, wenye kufuli, na ufunguo anao bosi!

Halafu kaja mwenyewe mpaka kwenye mashine yangu. Kesho nije na mtoto! Tupigwe picha. Avae nyeupe. Na kunyonya je? Eti tutaangalia. Wifi akasema haya, ndama kapata cheo kabla yetu.

Nimecheka. Ila kile kinguo cheupe nimekifua mara mbili. Wageni wakishamwona mtoto, labda bosi ataona haya kukataa tena. Labda.

Ijumaa, 14 Juni

Naandika kwa mkono mmoja, stoo, nimekalia robota la kitambaa. Wageni wamechelewa, mtoto akaanza kulia. Bosi akasema nimbembeleze tu, nisimnyonyeshe, atachafua nguo kabla ya picha. Kabla ya picha! Nikaingia humu, nikafunga komeo.

Anagonga. Kwanza taratibu: binti yangu, wageni wamefika. Sasa kwa ngumi. Nje namsikia wifi, sauti kavu kabisa: "Bosi, si tunaaminiana? Mwamini, atatoka."

Mashine zimenyamaza. Zote. Nikadhani umeme umekatika — hapana, taa inawaka. Wenzangu wamezizima wenyewe.

Anagonga tena. Ziwa la kwanza limeisha. Nimemgeuzia la pili.