Barua Mbili, Jina Moja

Alhamisi, 27 Oktoba 1994

Mirija arobaini na miwili ya damu kabla ya chai ya saa nne. Mgongo unauma. Redio ya maabara haipigi muziki tena, ni wagombea tu. Siku kumi na mbili zimebaki kumpata gavana wa Minnesota. Wako wawili. Mimi nawaita Mwenye Miwani na Mwenye Sweta, kwa sababu ndivyo wanavyojitokeza kwenye televisheni. Mwenye Miwani anasema jimbo hili si hoteli. Mwenye Sweta anasema jimbo hili ni meza moja kubwa. Wote wanataja "Waminnesota wa kweli". Hakuna aliyesema ni nani hao.

Jana Mwenye Sweta alikuja ukumbini kwetu, hapa chini ya ghorofa za mtaa wa Cedar tunamoishi. Sambusa, chai ya tangawizi, picha. Wiki iliyopita alikuja Mwenye Miwani. Sambusa zilezile, mimi ndiye niliyezikaanga. Leo Mzee Mbelwa, mwenyekiti wa Jumuiya ya Watanzania, amenipigia simu: katibu, andika barua ya shukrani. Nikafungua ile ya wiki iliyopita kwenye kompyuta, nikabadilisha jina la mgombea na tarehe. Dakika tano. Saini yangu chini. Binti yangu Neema ameitia kwenye bahasha na kulamba stempu.

Jumamosi, 29 Oktoba

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Mdahalo wa mwisho wa televisheni. Mimi na Neema kwenye kochi, bakuli la bisi katikati. Mwenye Miwani akaulizwa kwa nini wageni wanamwogopa. Akatoa karatasi mfukoni. Akasoma kwamba Watanzania wa Cedar wako nyuma yake kwa asilimia mia moja. Akataja jina la katibu. Jina langu, amelivunjavunja lakini ni langu. Mwenye Sweta akatabasamu, naye akatoa karatasi yake. Asilimia mia moja. Katibu yuleyule.

Ukumbi mzima wa mdahalo ukacheka. Neema hakucheka. Aliniuliza kwa Kiingereza chake kama nilikuwa nimesema uongo mara moja au mara mbili.

Nilimwambia alale. Ilikuwa saa mbili tu.

Jumapili, 30 Oktoba

Nimeisoma tena ile barua. Tatizo ni sentensi moja, "Jumuiya yetu yote iko nyuma yako kwa asilimia mia moja." Mzee huitamka, mimi huichapa, wala hatuisikii tena. Ndivyo tulivyolelewa. Kiongozi akitembelea shule, kiwanda au hospitali, lazima litolewe tamko la kumuunga mkono. Nikiwa darasa la sita nilisoma tamko mbele ya mkuu wa wilaya, kwa niaba ya wanafunzi mia tatu ambao hawakuulizwa. Walipiga makofi wote. Na kulikuwa na mgombea mmoja, ndiyo au hapana, basi tamko halikumdhuru mtu. Uchaguzi mkuu wa vyama vingi huko nyumbani ni mwakani.

Ni kama kumwambia mpita njia karibu chakula. Asipokaa hakuna anayeudhika. Hawa wawili wamekaa, wamenawa mikono, na sufuria ni moja.

Kosa si la Mzee peke yake. Mimi nina miaka kumi na mitano hapa. Ningeweza kuisoma kabla ya kutia saini.

Jumatatu, 31 Oktoba

Kazini wamenitania. Mmoja ameniuliza kama nipo nyuma yake kwa asilimia mia moja apate zamu yangu ya Ijumaa. Nimecheka kidogo. Uso umeumbwa na haya.

Kisha redio. Mwenye Miwani: watu hawa hawajui kuchagua, wanasema ndiyo kwa kila anayewagongea mlango, na kesho watapiga kura namna hiyohiyo. Mwenye Sweta, nusu saa baadaye, kwa sauti ya kubembeleza mtoto: walichanganyikiwa tu, kwao demokrasia ni changa, mimi nimewasamehe.

Mmoja katudharau, mwingine katusamehe. Msamaha umeniuma zaidi. Nani alikuomba?

Nimevunja mrija mmoja. Wa kwanza mwaka huu. Jioni, kwa ile desturi ya Halloween ya watoto wa hapa, Neema alizunguka na lifti, ghorofa kwa ghorofa, kuomba peremende, amevaa shuka langu kama zimwi. Alirudi na mfuko umejaa, akanipa ya chokoleti.

Jumatano, 2 Novemba

Nimelitoa sanduku la bati la hati zangu. Cheti cha uraia cha Julai kimo humo. Mahali pa pasipoti yangu ya Tanzania pako wazi. Niliirudisha ubalozini, kwa sababu kwetu sheria hairuhusu uraia wa nchi mbili. Ukichukua huu, ule umeuacha. Niliapa mkono juu, kisha nikaenda kulia chooni mwa mahakama kwa dakika kumi nzima. Mzee Mbelwa alikuja siku hiyo, akakaa safu ya nyuma kabisa. Wenzake walipiga makofi, yeye alishika kofia. Nilidhani kachoka.

Kwa hiyo kura hii nimeilipia. Ni ya kwanza maishani mwangu yenye majina mawili ya kweli. Na kabla sijaishika, imeshagawiwa kwa watu wawili, kwa saini yangu mwenyewe. Nina hasira. Naiandika hapa ili isinitoke kwa mtoto.

Ijumaa, 4 Novemba

Mzee amepata dawa. Eti Jumapili tukutane, tuchague mgombea mmoja kwa sauti moja, wote tumpigie huyo, na katibu aandike barua ya tatu kuthibitisha. Hivyo angalau kwa mmoja tutakuwa tumesema kweli. Anaiita kulinda heshima.

Nilimwambia nitafikiri. Sikufikiri. Nilijua palepale.

Lakini ni Mzee Mbelwa. Mwaka sabini na tisa alinipokea uwanja wa ndege, Januari, nimevaa viatu vya wazi. Alivua koti lake akanivika, akatembea na shati hadi kwenye gari. Marehemu mkewe alinipikia ugali wa unga wa dukani, ukawa uji, tukaula hivyohivyo tukicheka. Nikimkatalia huyu nitakuwa nimemkatalia nani?

Jumapili, 6 Novemba

Nimemkatalia.

Ukumbi ulijaa, watu thelathini na kitu, koti juu ya koti. Mzee alifungua kikao kama kawaida, akaeleza aibu tuliyoipata, akasema mwenye maoni anyooshe mkono, lakini kwa kifupi maana uamuzi uko wazi. Akamtaja Mwenye Sweta. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikula sambusa nne na mwenzake moja. Nusu ya watu wakacheka, nusu wakaanza kupiga makofi.

Nikasimama. Nikasema barua ya tatu siandiki. Nikasema zile mbili ni kosa langu, niliweka jina langu chini ya maneno nisiyoyapima, naomba radhi kwenu. Kisha nikasema kura yangu sikuileta kwenye mfuko wa jumuiya, na sitaileta. Anayetaka kumpa Mwenye Sweta ampe. Anayetaka kumpa Mwenye Miwani ampe, na asiogope kuja kunywa chai hapa.

Mashine ya joto tu inanguruma.

Mzee alisema neno moja, taratibu, bila kunitazama. "Asante ya punda ni mateke."

Nimeumia. Bado naumia. Lakini sikukaa. Nikajibu, "Basi leo, Mzee, teke limekupata."

Kina mama wa nyuma wakaguna. Jibu lile halikuwa la adabu, nalijua, na nitaliombea msamaha. Lile la kwanza, la kukataa, sitaliombea. Kikao kikafungwa bila uamuzi, mara ya kwanza tangu jumuiya izaliwe. Watu walitoka wakibishana kwenye lifti, Miwani huku, Sweta kule, sauti juu. Nilipenda kelele ile.

Jumatatu, 7 Novemba

Kumbe nimeandika barua ya tatu. Si ile ya Mzee. Yangu, jina langu tu, bila muhuri. Nimeituma kwa faksi wakati wa chakula kwa ofisi zote mbili za kampeni na kwa gazeti. Nainakili hapa nisije nikajidanganya baadaye:

"Barua mlizosoma kwenye televisheni zilikuwa shukrani kwa wageni, nasi tuliziandika vibaya. Jumuiya yetu haina kura. Watu wake ndio wenye kura, na si wote, na hawakubaliani. Mmoja wenu amesema hatujui kuchagua. Mwingine ametusamehe. Msamaha huo naurudisha, haujatumika. Kesho nitachagua, na hamtajua."

Kijana wa ofisi ya Mwenye Sweta alinipigia simu kazini, akanisomea kitu kwenye karatasi, akafika mwisho akauliza kama wanaweza kunihesabu upande wao. Nikamwambia asome barua tena. Ofisi ya Mwenye Miwani haikujibu. Jioni mwenyewe alisema redioni kwamba yeye amewaheshimu wageni siku zote. Mwenye Sweta akasema meza bado ni kubwa. Hakuna aliyejifunza kitu. Sawa. Sikuandika ili wajifunze.

Mzee hajapiga simu. Nimepika maharage mengi mno.

Jumanne, 8 Novemba

Uchaguzi. Nimeomba kuingia kazini mchana.

Saa moja asubuhi nilifungua mlango nikamkuta Mzee Mbelwa kwenye korido, suti ya kijivu, kofia mkononi. Ameshuka kwa ngazi kutoka ghorofa ya ishirini na moja hadi ya tisa. Eti lifti ilichelewa. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwomba radhi kwa jibu la Jumapili, akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Akasema twende.

Kituo kiko kanisani, mtaa wa pili. Baridi kali, theluji bado. Tulitembea bega kwa bega. Nilidhani anakwenda kumpigia Mwenye Sweta ili anionyeshe. Nikasema moyoni, na ampigie, ndiyo haki yake.

Mlangoni akasimama. Nikamshikia mlango. Hakuingia.

"Nenda, mwanangu. Mimi nitakungoja."

Nikamwambia foleni ni fupi, na hapa mtu anaweza kujiandikisha siku hiyohiyo. Akaizungusha kofia. Kisha akasema yeye si raia. Hajawahi kuwa. Mara mbili alijaza fomu, mara mbili akafika mahali pa kuapa kwamba anaiacha Tanzania, mkono ukakataa kunyanyuka. Pasipoti yake imo kabatini, ameihuisha mwaka huu. Miaka yote aliyokuwa akituambia amepiga kura alikuwa anakuja mpaka hapa mlangoni, anazunguka kanisa, anarudi nyumbani.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikamuuliza, sasa uligawa nini, Mzee? Ulimpa yule nini, na yule mwingine nini?

Akanijibu, "Mgeni amekuja, anataka kitu, nami sina. Nikatoa cha wenzangu."

Watu walikuwa wanatupita wakiingia. Nilimvika skafu yangu, maana alikuwa shingo wazi, nikaingia.

Karatasi ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri. Majina mawili juu, mengine chini yake ya watu nisiowajua. Hakuna aliyesimama nyuma yangu. Hakuna aliyesema tupige makofi. Nilikaa pale muda mrefu hadi mama wa kituo akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia hapana, nafurahia.

Nilipotoka alikuwa palepale, skafu ya maua shingoni, pua ikichuruzika kwa baridi. Nimemwambia mambo mawili. Siri yake sitaitoa. Lakini nikiulizwa sitasema uongo, kwa hiyo aiseme mwenyewe mbele ya wanajumuiya kabla ya mwaka kwisha. Tukatembea hadi kwenye taa za barabarani. Halafu akasema Desemba, kwenye mkutano mkuu. Na kwamba mwenyekiti mpya achaguliwe kwa karatasi, siyo kwa makofi.

Jumatano, 9 Novemba

Theluji ya kwanza, nyepesi. Gavana amepatikana. Redio ya maabara imerudia muziki. Mirija thelathini na minane.

Jioni Mzee ameshuka kurudisha skafu, ameifua na kuipiga pasi. Neema alimwamkia shikamoo bila kukumbushwa. Tumekula maharage ya juzi na mkate. Alikaa, akanywa chai, akalitazama dirisha, akauliza kama anayeuliza bei ya vitunguu.

"Ulimpa nani, mwanangu?"

Nikamwambia kura ni siri, Mzee.

Alicheka mpaka akavua miwani. Neema akaniomba nimwambie yeye basi, sikioni. Nikakataa. Akasema nitaandika kwenye daftari langu na yeye atalisoma nikienda kazini.

Hata hapa siandiki.