Hitima ya Hamoud

Nairobi, 11 Februari 1963

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai hujambo, na mguu umepoa. Sisi hatujambo, mume wangu Hamdun akuamkia.

Mama, keti kwanza. Juzi aliingia dukani kwetu fundi wa cherehani, Mluhya, jina lake Dishon. Aliponisikia nikizungumza aliuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Mtongwe. Akaweka bisibisi chini. "Nilikuwa na rafiki wa Mtongwe vitani, Burma. Akiitwa Hamoud."

Ni kaka yangu, Mama. Dishon asema alikufa mwaka wa arubaini na nne, na yeye alikuwapo.

Najua ni mazito. Nijibu.

Binti yako,
Samiha

Mtongwe, 20 Februari 1963

Mwanangu Samiha,

Marahaba. Mguu haujambo. Nisalimie mkwe wangu.

Serikali ilituambia Hamoud amepotea. Haikusema amekufa. Miaka yote hii sikukubali mwanangu asomewe hitima, nikagombana na ndugu zangu kwa hilo, na leo waniletea maneno ya mpita njia?

Kama kweli alimjua, muulize: Hamoud akilala alikuwa vipi? Usimdokezee, wallahi.

Mamako

Nairobi, 1 Machi 1963

Mama,

Shikamoo. Sisi tu wazima, alhamdulillahi.

Nilimuuliza. Kabla hajajibu, alicheka. "Yule? Akicheka usingizini! Tulikuwa tukimziba mdomo, Wajapani wasitusikie."

Nililia mbele ya wateja. Mimi mwenyewe sikulijua hilo; nilikuwa mdogo mno.

Asema walikuwa wakivuka mto, risasi ikampata kifuani, akafa palepale. Hawakumwacha. Dishon alichimba kaburi, na askari Waislamu wa kikosi chao wakamsalia, Myao mmoja akiwa imamu. Dishon ni Mkristo. Alisimama pembeni, kofia mkononi, hata wakamaliza.

Mwanao alisaliwa, Mama. Nangoja neno lako.

Samiha wako

Mtongwe, 9 Juni 1963

Mwanangu Samiha,

Hujambo? Na Hamdun? Mimi nipo.

Barua zako nyingine nilizipata. Ni kweli, Hamoud akicheka usingizini tangu utotoni. Kujibu ndiko kulikonishinda. Nilikuwa na kilio cha miaka kumi na tisa, na sikutaka mtu aninyamazishe.

Sasa nimewaita ndugu zangu. Hitima ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, inshallah. Njooni, na mumlete huyo Dishon. Mwambie asione haya, atakuwa mgeni wangu mimi.

Mamako

Mtongwe, 8 Julai 1963

Mwanangu Samiha,

Natumai mlifika salama. Huku hakuna neno, ila nyumba imejaa vyuma. Tangu mlipoondoka, mtaa mzima wamletea Dishon cherehani zao, naye hajui kukataa. Asema ataondoka kesho. Alisema hivyo hivyo jana.

Asubuhi alipita Mapenzi, yule jirani aliyehamia juzi. Katika mazungumzo akaniuliza, "Mama, una watoto wangapi?"

Swali hilo nilikuwa nikilikimbia, Samiha. Mtu akiniuliza, huinuka nikaenda kutazama chungu jikoni. Leo sikuinuka. Nikamwambia, "Wawili. Samiha yuko Nairobi. Hamoud ni marehemu, alikufa Burma, na wenzake wakamsalia." Nikamsimulia yote.

Dishon alikuwa uani, mikono imejaa mafuta. Akadakia, "Mama, mwambie na siku alipoiba kuku wa ofisa!"

"Kuku gani? Mbona mimi hukunambia?"

Basi akaja akaketi nasi. Tumecheka hata chai ikapoa.

Mamako, mama wa Hamoud