Fomu ya Chumba cha Mbele

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako. Mimi mzima, ila nyonga ya kulia inanisumbua, na vumbi la saruji limehamia kifuani kama mpangaji asiyeondoka. Natumaini wewe na wapwa zangu wawili hamjambo.

Barua yako nimeipata, na ile fomu ya kibali. Nimeisoma mara mbili nikidhani sikuelewa, maana unajua shule yangu iliishia wapi. Kumbe nimeelewa vizuri. Umeacha kazi ya hospitali, kazi yenye sare na heshima, ili uchue miguu ya wacheza ngoma na kuchungulia makoo ya waimbaji, tena katika chumba cha mbele cha marehemu mama. Na manispaa wanataka sisi warithi wawili tusaini kabla ya mwisho wa Machi, la sivyo kibao chako kishushwe.

Sisaini. Mimi nabeba zege ghorofa ya tisa. Hapa mtu akiumia, ameumia akijenga kitu. Hao wako mtu mzima anajirusha hewani mwenyewe, akitua vibaya anataka daktari wa peke yake. Rudi kwa wagonjwa wa kweli.

Kaka yako


19 Februari

Kaka,

Shikamoo. Pole na nyonga. Sisi wazima. Mkubwa ameng'oka jino, mdogo anamaliza viatu utadhani ana miguu minne.

Hao wagonjwa wa kweli nimewahudumia miaka kumi na moja. Nilipokuwa zamu za usiku, jirani ndiye aliyewavalisha watoto sare asubuhi, na mdogo akaanza kumwita yeye mama. Hilo sikukuandikia, maana ungesema nalalamika.

Wasanii hawaamki kabla ya saa nne. Nawapeleka watoto shule, napanguza kitanda cha kuchulia, nahudumia watu mpaka saa tisa, halafu nawafuata watoto. Wao wakipanda jukwaani, mimi nasimamia hesabu za darasa la tatu. Nitajie kazi nyingine yenye saa hizo, Bwana Zege.

Juzi kaja mwimbaji wa harusini, sauti imechanika. Alikuwa amemeza dawa za kifua miezi mitatu, na kifua chake hakina kitu. Nikamwambia asitoe neno siku saba. Anaandika mahitaji yake kwenye daftari. Mkewe kaja kunishukuru, anasema tangu waoane hajapata wiki tamu kama hii.

Wewe ukichechemea, zege linafika juu. Mcheza ngoma akichechemea, kazi imekwisha. Hiyo ndiyo tofauti, wala si kubwa kiasi cha kukupita. Usiposaini narudi zamu za usiku. Saini, kaka.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mzima, nachechemea.

Barua yako nimewasomea wenzangu wakati wa kula. Tumecheka mpaka msimamizi akaja kuuliza nani kafa. Fundi wa nondo anauliza kama unachua na watu wanaochoka kupiga makofi. Sasa ananiita Shemeji wa Wanenguaji.

Fomu yako ina kazi, usidhani nimeitupa. Nafunikia ndoo yangu ya maji ya kunywa. Wape wapwa zangu salamu, na uwaambie mama yao atarudi kwenye akili zake.

Kaka yako


2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Nimekuandikia Aprili, nikaandika tena Mei, kimya. Watoto hawajambo?

Wiki iliyopita kampuni ilileta kikundi cha ngoma kutuburudisha kwenye bwalo. Kulikuwa na mwanamume wa makamo, anaruka kama kakanyaga moto, goti limefungwa bandeji kwa kupishanapishana. Ufungaji ule naujua, ndivyo ulivyonifunga mguu nilipoanguka ngazini nyumbani. Nikamfuata nyuma ya bwalo.

"Nani kakufunga hilo goti?"

"Mama Kimya. Usipomtii anakutoa nje na goti lako."

Nikasema huyo ni mdogo wangu. Akaacha kunywa maji, akanitazama kuanzia buti.

"Wewe ndiye kaka asiyetaka kusaini?"

Akawaita wenzake waje waone. Wakaja wote na jasho lao, wakanizunguka kama gari lililopinduka. Binti mmoja akasema, "Mbona wa kawaida tu?" Nilipoondoka, yule wa goti akapaza sauti nyuma yangu: "Mzee, unabeba mzigo bega moja. Ndiyo maana nyonga inakuuma."

Umenitangaza kwa wanenguaji. Na alichosema ni kweli, tangu nibadilishe bega nalala. Bado sioni maana ya kurukaruka. Lakini fomu nimesaini, ni hii hapa. Tundika kibao chako.

Kaka yako


20 Juni

Kaka,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri.

Fomu imefika, na duara la ndoo juu ya jina la mama. Kibao kilishushwa tarehe moja Aprili, kama walivyosema. Barua zako mbili zilifika, nikaziweka kando. Aprili yote na nusu ya Mei nilikuwa zamu za usiku. Siku moja nilirudi asubuhi nikakuta mkubwa amemvalisha mdogo sare, akamfunga na viatu, wamekaa kitandani wananisubiri. Hawakulia. Afadhali wangelia.

Wacheza ngoma ndio waliomwendea meneja wa ukumbi wao kuniombea mahali. Kulikuwa na vyumba viwili nyuma ya jukwaa, stoo ya mapazia. Walivitoa vumbi wenyewe, yule wa goti akipaka rangi kwa mguu mmoja. Sasa tunaishi na kufanya kazi hapo hapo. Nyumba ya mama nimeifunga, funguo ziko kwa jirani. Chumba cha mbele ni chako chote, kiangalie upendavyo.

Kuhusu nyonga, kubadilisha bega hakutoshi. Ukipata likizo uje, lakini uje baada ya saa nne. Kuna benchi mlangoni, utakaa katikati ya wanenguaji na kusubiri zamu. Sikupitishi mbele kwa sababu ni kaka.

Mdogo wako