Profesa wa chumvi na ng'ombe za Papa Gasana

Jumatano, mwezi wa kumi na moja, 1968. Juu ya Muheto, Masisi.

Mvua imekatika tangu mchana, lakini ukungu umekataa kutoka mu milima, na baridi inaingia mpaka mu meno. Nimekaa mu jipu, gari yenye ninaendesha, vioo juu, ninaandika. Mutu wa kuongea naye sina. Mwenye niko naye hapa njo mwenye sina hakika naye.

Ninasema profesa.

Mimi si mutu wa kudanganywa mbio. Nimeendesha lori mpaka Stanleyville, nimekula samaki Usumbura, nimebeba Wagiriki, mapadri na waasi, kila mutu na uongo wake, na wote niliwafikisha. Shule nilifika mwaka wa tano. Mwalimu aliona nikiendelea nitamunyanganya kazi. Lakini huyu, kijana mweusi sawa mimi, mutu wa Léo, muji mukuu, amesomea Ulaya, anafundisha université, chuo kikuu ya kule, hajui Kiswahili hata ya kuomba moto, huyu bado sijamusoma.

Anasema anatafuta maji ya chumvi, juu ya kuiondoa chumvi, ibaki maji tamu.

Sasa fikiri. Bahari iko kwao, upande wa Moanda. Kwa nini mutu aache bahari nzima nyuma ya nyumba yake, avuke Congo yote, akuje kutafuta chumvi mu chemchemi ya ng'ombe za Masisi? Nilimuuliza. Akasema bahari iko na nguvu mingi, kangozi ya kuchuja, yenye iko mu mashine yake, itashindwa. Lazima aanze na maji yenye chumvi kidogo, sawa vile mutoto anaanza na uji. Jibu nzuri. Njo ile inanipa wasiwasi: majibu yake yote ni mazuri.

Juzi tulipita Walikale. Kule Omate, kwa machimbo ya dhahabu, wachimbaji walimuona anatia maji ya muto mu chupa, wakanivuta pembeni. "Kaka, huyu anatafuta dhahabu yetu, ao?" Nikasema hapana, anatafuta chumvi. Mumoja alicheka mpaka akakaa chini. Nilicheka nao. Halafu mu njia nikajiuliza ni nani alinituma kumutetea.

Leo asubuhi tumefika kwa chemchemi. Mwenye kuitunza ni Papa Gasana, mufugaji mwenye kofia ya zamani na maneno machache. Kila kundi ya ng'ombe iko na siku yake ya kukunywa pale. Bila ile maji maziwa inapungua, na ndama zinaanza kulamba ukuta wa nyumba. Chumvi ya duka, tangu vita ya waasi, imekuwa kitu ya wakubwa.

Na iko desturi. Mugeni mwenye anataka kugusa maji, anakunywa kwanza, mbele ya wafugaji na mbele ya ng'ombe. Njo wanajua hakuleta ubaya.

Profesa akakataa. Anaogopa minyoo.

"Ile minyoo inakamata maprofesa tu?" Papa Gasana aliniuliza. "Sisi inatuacha?"

"Papa, tumbo ya université iko laini. Nitakunywa mahali pake."

Nikakunywa. Inauma ulimi sawa kulamba betri. Nikafuta mudomo, nikasema mbele ya wote: huyu hataharibu kitu hapa. Papa Gasana hakuangalia profesa. Aliangalia mudomo wangu.

Tangu saa ile sina raha.

Mashine yake ni bomba ya chuma, na pompi ya mukono upande mumoja. Ndani amelaza ile kangozi, nyeupe, nyepesi, sawa ngozi yenye unakuta ndani ya yai ya kuchemsha. Aliitengeneza mwenyewe mu laboratwari, na pamba na dawa kali. Anasema iko na matundu madogo sana: ukisukuma kwa nguvu, maji inapita, chumvi inabaki. Na mwenye kusukuma ni nani? Mimi. Yeye mikono yake ni ya kushika kalamu. Nilisukuma mpaka shati ikanishika mugongo, na sitasema uongo, nilitaka pia wasichana wa pale waone.

Mu tiyo moja, kabomba ka kutolea, ikaanza kutoka maji, tone kwa tone. Mu tiyo ingine ikatoka ile yenye kukataliwa, na chumvi yote ndani, ikaingia mu ndoo. Profesa akaonja ya kwanza, akafunga macho sawa mutu anasali. Nikaonja na mimi. Tamu. Haina hata kumbukumbu ya chumvi. Nywele zilinisimama, ninakubali. Ile kijana amefanya kitu.

Papa Gasana hakuonja. Alipelekea ng'ombe yake mukubwa kikombe ya ile maji tamu. Ng'ombe akanusa, akageuza kichwa. Akatembea polepole mpaka kwa ndoo ya maji yenye kukataliwa, akatia mudomo, akamaliza yote.

"Mwenye kujua amesema," Papa Gasana alisema.

Watu walicheka sana. Mama Furaha, mwenye shamba ya maharagi pale karibu, akakimbia kuleta chungu. "Baba, sukuma tena," aliniambia. "Unasukuma vizuri, na maharagi yangu iko ku moto bila chumvi. Ile tamu wape mapadri."

Wakati tunacheka, profesa hakuwa pamoja na sisi. Nikamutafuta na macho. Alikuwa anazunguka chemchemi, anapiga mu udongo miti mifupi yenye kichwa chekundu.

Hapa kwetu hakuna mutu muzima mwenye hajui ile miti. Wakati wa Wabeleji, kila shamba ya chai ilianza na miti sawa ile. Kwanza miti, halafu waya, halafu mulinzi na imbwa.

Nikamufuata. Hii ni ya nini, profesa? Akanieleza kwa Kifaransa, bila haya yoyote, na ile sauti yake ya upole. Kangozi ikivumilia, université italeta mashine kubwa. Watafunga chemchemi kwa muda, mwaka ao zaidi, juu maji isichafuliwe. Na ng'ombe? Ng'ombe watapewa maji tamu. Ni maji bora, alisema.

Ameona ng'ombe anageuza kichwa. Ameona na macho yake.

Halafu akashika bega yangu. Akasema nisiwaambie kwanza, wataelewa wakiona.

Kazi hii ninaipenda. Jipu ninaipenda zaidi. Lakini nilikunywa ile maji mbele ya watu. Nikarudi kwa Papa Gasana, nikamwambia yote, profesa amesimama pale pale, hajui Kiswahili lakini anaelewa uso wangu.

Papa Gasana aligeuka, akaangalia ile miti. Halafu akasema: "Mwambie waya hapana. Akuje na mashine yake, sisi tutasukuma. Tamu abebe yote, apeleke kwao. Yenye anamwaga, atuachie."

Nikatafsiri. Mbele nimalize, profesa alikuwa ameshakubali. Ndiyo, ndiyo, sawa kabisa. Akampa Papa Gasana mukono, akaingia mu nyumba ya wageni kukausha viatu.

Mimi nimezoea soko. Mutu mwenye kukubali mbele ya kusikia bei, hana mupango wa kulipa.

Na miti iko bado mu udongo. Ninaiona kutoka hapa.

Wakati wa kuagana, Papa Gasana hakuniuliza kama profesa ni mutu muzuri. Aliniuliza: "Wewe, kama ng'ombe zilikuwa zako, leo ungelala?"

Nilicheka tu, nikafunga mulango ya jipu.

Kesho, mbele ya kugusa pompi, nitang'oa ile miti, mumoja mumoja, profesa ananiangalia. Akinifukuza, nitatembea mpaka Goma na miguu. Na asiponifukuza, akicheka tu na kunishika bega, nitamwamini?