Hakamu wa Upande wa Nahla

Ole, Pemba
14 Oktoba 2024

Ndugu yangu Bi Kazija,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii inakukuta huko Tanga jicho limeshafunguliwa bandeji, na mwanga wa dirishani haukuumi tena. Mimi ni mzima, ila goti la kulia hunikumbusha umri wangu kila nikipanda kutoka barabarani. Mwanao Mwatima hajambo, na mbuzi wako mweupe kazaa mapacha. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Nakuomba uisome mwenyewe, usimpe mkaza mwanao akusomee. Kama jicho halijawa tayari, iweke mpaka liwe tayari.

Ulinitaka nitoke Mombasa nije kuwa hakamu, mzee wa kumsemea mjukuu wetu Nahla katika usuluhishi na mumewe Ishak, kwa kuwa baba yake ameshatangulia mbele ya haki. Nilishuka bandarini Mkoani baada ya miaka arobaini na tisa ya kutoikanyaga Pemba, na mpagazi akaniuliza, mgeni unakwenda wapi. Sikumsahihisha. Nilimwambia nakwenda Ole, naye akanielekeza njia.

Mambo niliyakuta yameharibika kuliko ulivyosimuliwa. Nahla na Ishak walikuwa hawalali nyumba moja tangu Mfunguo Mosi, mwezi ulioandama Ramadhani. Ishak anataka maisha ya kwao, kisiwani Fundo, kwenye mashine zake za boti. Nahla hataki kuacha skuli anayosomesha hapa. Hilo lilianza dogo, likazaa maneno ambayo mtu akishayasema hayarudi kinywani. Kaka yake Ishak akamtafutia wakili, na wakili akaandika barua ya kurasa tatu inayodai watoto wote wawili pamoja na mikarafuu kumi na mmoja iliyo nyuma ya nyumba. Nahla naye alikuwa ameshamwita mnunuzi aje aitazame mikarafuu yake mingine, ile ya urithi, ili yeye aiuze, apate kuweka wakili wa kumjibu. Siku niliyofika, mnunuzi alikuwa anatarajiwa Alhamisi.

Aliyelizuia hilo ni Bi Shamima, msaidizi wa sheria wa shehia hii ya Ole. Ni mama mnene, mpole wa sauti, asiyetaka malipo kwa kazi yake. Alimwambia Nahla kwamba wakili si haramu, lakini mahakama ya Kadhi inamsikiliza hata asiye na wakili, na kwamba Kadhi mwenyewe, kabla ya kusikiliza kesi, atapenda kujua kama wazee wa pande mbili wamekaa. Yakipatikana makubaliano yataandikwa, Kadhi atayapitia na kuyagonga muhuri, na kitakacholipwa ni ada ndogo ya mahakama tu. Mnunuzi akaambiwa asubiri.

Hakamu wa upande wa Ishak ni mjomba wake, Mzee Khatib, mvuvi wa Fundo mwenye ulimi. Aliponiona tu alisema, "Huyu ndiye Mmombasa? Karafuu si anazijua za kwenye pilau." Nikamjibu kwamba hata yeye hazijui zaidi ya hapo, maana Fundo kunaota mawe. Akacheka, akanisogezea kiti. Tangu hapo tulifanya kazi vizuri.

Nakiri kwamba nilikuja na hotuba. Niliiandika melini, karatasi mbili juu ya subira, kwa sababu wewe uliniambia, nenda kawapatanishe, nami niliona kazi ya hakamu ni hiyo tu. Bi Shamima alitutaka kwanza kila hakamu azungumze na mtu wake faragha. Nilikaa na Nahla jikoni, hotuba iko mfukoni. Alinisikiliza salamu zangu zote, kisha akasema, "Babu, mimi sitaki ashindwe. Nataka kutoka tu, na watoto wasije wakamchukia baba yao." Nikamuuliza kama kuna njia ya kurudi. Alilipima kwa haki kabisa, akasema hakuna. Sikuitoa hotuba.

Mzee Khatib naye alirudi na jibu hilohilo kutoka kwa Ishak. Basi tukakubaliana kwamba suluhu haitakuwa ya kuwarudisha, itakuwa ya kuwaachanisha kwa wema.

Suala la watoto halikutushinda. Wakati wa skuli watakaa Ole na mama yao, likizo watakwenda Fundo, na matumizi yao Ishak mwenyewe aliyataja kabla hajaulizwa. Tulikwama kwenye ile mikarafuu kumi na mmoja. Kiwanja ni cha Nahla, miche alipanda Ishak, na unajua kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Sauti zilianza kupanda. Mzee Khatib akasema yeye hawezi kuamua jambo la mti akiwa kwenye kiti, twende tukaione.

Tulikwenda sote. Ishak alieleza kwamba aliipanda mwaka aliozaliwa mtoto wao mkubwa, Rahila, na mwaka huu ndio inazaa mara ya kwanza. Nahla akasema kiangazi cha mwaka ule ilikuwa ikauke yote, na aliyekuwa akiichotea maji na mtoto mgongoni anajulikana. Ishak hakubisha. Alisimama akishika tawi, akasema kwa sauti ndogo, "Kweli, maji alichukua yeye." Mzee Khatib akasema yeye mvuvi, hajui nani mkulima hapo, anaona watu wawili waliochoka kwa ajili ya watoto walewale. Ishak ndiye aliyesema basi iandikwe kwa majina ya watoto. Msimu ukifika atakuja kuikwea na kuchuma, Nahla ataanika karafuu.

Bi Shamima aliandika, tukatia saini. Jumatano iliyopita Kadhi alimuuliza kila mmoja peke yake kama amelazimishwa, kisha Ishak akatoa talaka moja, kwa maandishi, bila ya kudai kurudishiwa mahari. Nahla yuko kwa mama yake, Mwatima, anakaa eda. Mnunuzi ameambiwa asije.

Najua hukunituma hivyo, na pengine umekasirika. Ndiyo maana lazima nikwambie lililobaki.

Barua uliyonipelekea mwaka 1986 kwa mkono wa Bwana Mabruki ilinifika. Ulinieleza unayotendewa na mumeo Yussuf, na kwamba Kadhi amekupa wiki tatu umlete mtu wa upande wako, na ndugu mwanamume umebakiwa na mimi tu. Niliisoma mbele ya Mabruki, kisha nikamwomba akwambie hakunikuta. Nafsi yangu nikaiambia kwamba naogopa kushikwa bandarini, kwa kuwa niliondoka Pemba kwa siri, bila ruhusa ya serikali. Haikuwa hiyo. Nilikuwa na chumba kimoja, nikaona ukiachwa utanijia na watoto watatu. Wewe ukarudi kwa Yussuf, ukakaa miaka ishirini na miwili mpaka alipokufa, na kila ulipoitaja barua ile nilisema ilipotea.

Pale jikoni Nahla alikaa kama ulivyokuwa ukikaa wewe, mikono chini ya kanga. Nisingeweza kumsomea habari za subira.

Sikuombi unijibu upesi. Nahla anakusalimu, Rahila na mdogo wake wanakuamkia, na Bi Shamima anakuombea macho. Nitakaa hapa mpaka eda ya Nahla iishe. Barua yako ya 1986 nimeitia ndani ya bahasha hii. Mwandiko wako ni mdogo, kwa hiyo isome mchana.

Ndugu yako,
Mwalim Hija