Simba Aliyemeza Nyota

Jumatano, 8 Mei 2024

Kazi nimepewa mimi! Bendera ya taifa itakayotangulia klabu yetu kwenye gwaride la uhuru naichora mimi, Derlis, niliyeacha shule kidato cha pili. Don Eulogio, kocha wetu, amesema ikipita ukaguzi naibeba mimi, mbele ya timu nzima. Isipopita tunaazima nyingine, na mbebaji ni Wilfrido — mchezaji mwenzangu, mwenye cheti chake cha shule na shingo ya twiga. Mama hajawahi kuniona nikitangulia mbele ya kitu chochote. Safari hii ataniona.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemaliza. Mimi fundi, bwana! Nyekundu, nyeupe, buluu. Upande huu nyota ya njano na matawi yake, upande wa pili simba anayelinda kofia nyekundu ya uhuru. Nchi nyingine bendera zina uso mmoja tu — masikini. Yetu ukiigeuza unakuta habari nyingine.

Nikaitundika juani ikauke. Wilfrido huyo, kikombe cha terere, chai yetu ya baridi, mkononi. Akacheka mpaka akaketi chini. "Derlis, simba wako kameza nyota!"

Kweli. Rangi imepenya kitambaa, nyota inang'aa katikati ya tumbo la simba. Nimemwambia ni simba mjamzito, aende zake. Lakini jioni nimeigeuza na kuigeuza, nyota haitoki.

Jumapili, 12 Mei

Mama kaniokoa. Kaitazama, kauliza: "We mtoto, koti lenye bitana hujawahi kuliona?" Vitambaa viwili! Migongo ikutane, tushone pembeni! Kashona yeye, mimi nikala chipa, mkate wa jibini, na kutoa ushauri. Akasema ushauri nipeleke kwa jirani.

Ikabidi nichore simba mpya. Simba sijamwona maishani. Nimemchora Kapi, mbwa wa buchani kwa Ña Simeona, mama muuza nyama wa mtaani, nikamwongezea manyoya shingoni. Si mlinzi? Pale buchani hajawahi kutoka mwizi na hata mfupa.

Jumatatu, 13 Mei

Mtaa mzima umekuja kuangalia. Watoto: "Kapi! Kapi kavaa wigi!" Ña Simeona kacheka mpaka machozi, kanipa soseji. Don Eulogio kaizunguka bendera kama anayenunua ng'ombe.

"Kesho anakagua Mwalimu Nidia," akasema. "Yule hana utani. Akiuliza huyu ni nani?"

"Simba, Don Eulogio. Mbwa angekuwa ameshaitafuna kofia."

Jumanne, 14 Mei

Naandika nimeketi ukingoni mwa barabara. Bendi wanajaribu ngoma. Mwalimu Nidia amefika na miwani yake. Nyota kahesabu pembe: tano, sawa. "Geuza." Nikageuza. Akaisogeza miwani puani.

"Kijana, simba huyu umemtoa wapi?"

"Mtaani kwetu, mwalimu. Walinzi wetu ndivyo walivyo."

Kaichukua, kaenda nayo jukwaani kwa wenzake. Wanaigeuza huku na huku. Wanaita wengine waje. Mmoja anafuta machozi — ni kicheko, ila cha aina gani sijui.

Wilfrido kanyoosha mkono. "Lete mshipi, dogo, tusicheleweshe watu." Ni ule mshipi wa ngozi wa kusimikia mti wa bendera; nimeufunga kiunoni tangu nyumbani. Mama yuko ng'ambo ya barabara, gauni la kanisani, ananipungia mkono kama vile nimeshaanza kupita.

Filimbi imelia. Timu wanapanga mstari. Bado wanacheka kule jukwaani.

Mshipi siuvui.